Msimu Tuliobeti kwa Vifungo

Shangazi yangu hakuwahi kumkataza mtu kubeti. Alichokataza ni kubeti kwa pesa kabla hujamjua vizuri mtu unayemsikiliza. Ndiyo maana mwaka ule, katika chumba chake cha kushonea, watu wazima wenye akili zao walimaliza karibu msimu mzima wa ligi wakigombania vifungo vya mashati.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara, na mlango wake ulikuwa wa mbao wa vipande viwili. Ukiingia, upande wa kushoto kuna meza ya kukatia, upande wa kulia cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kati yake nafasi tupu yenye alama za miguu ya chuma sakafuni. Wateja walidhani nafasi ile imeachwa makusudi ili watu wapimiwe nguo kwa raha. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba hapo palikuwa na cherehani ya pili, na kwamba iliondoka kwa kuponi moja ya mpira.

Aliyeiondoa ni mume wa shangazi, ambaye mimi nilimwita mjomba kwa mazoea. Alikuwa mtu mchangamfu. Alipiga pasi, alitia pindo na kushona kwa mkono, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Hakunywa, hakugombana na mtu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: akiambiwa jambo kwa sauti isiyo na wasiwasi, anaamini. Na mtaani kwetu alikuwepo mtu mwenye sauti hiyo. Aliuza magazeti karibu na kibanda cha kubashiri, viatu vyake vinang'aa, na kila mechi kwake ilikuwa imeshamalizika kabla haijachezwa.

"Hii uhakika, kaka," alikuwa akisema. "Hii hata usiiwaze. Kalale."

Basi watu wakamwita Uhakika. Ukimfuata ukashinda, unampoza kwa hela kidogo. Ukimfuata ukapoteza, anakupa sababu: mwamuzi alinunuliwa, uwanja ulikuwa na maji, kipa alikuwa na homa. Siku cherehani ilipobebwa kwenye mkokoteni, sababu ilikuwa kipa.

Shangazi hakupiga kelele. Alikaa siku kadhaa bila kulitaja jambo lile, akishona kwa cherehani iliyobaki. Halafu jioni moja nilipopita kunywa chai, maana wakati huo nilikuwa karani wa stoo kwenye karakana ya mabasi na njia yangu ya nyumbani ilipita mlangoni pake, akaanza mwenyewe, pini zikiwa bado mdomoni.

"Huyu Uhakika wako," akamwambia mjomba, "huwa anapatia?"

"Anapatia sana, mke wangu."

"Sana kiasi gani?"

"Sana. Uliza yeyote pale kibandani."

"Na anapokosea?"

Mjomba akaisogeza pasi kwenye kola. "Zile huwa ni bahati mbaya."

"Basi hujui kama anapatia," shangazi akasema, akitoa pini moja moja. "Unazokumbuka ni zile ulizorudi nyumbani unaimba. Nyingine umezilalia, umeamka umezisahau. Mimi ndiye nazikumbuka."

Akavuta chini ya meza kasha la vifungo vya mabaki. Kila fundi wa nguo ana kasha kama hilo: vifungo vya mashati yaliyochakaa, vya makoti ya marehemu, vya magauni ambayo hayakurudi kuchukuliwa, kila kimoja peke yake bila mwenzake. Akamwambia mjomba kwamba kama hawezi kuacha kubeti, abeti, ila humo chumbani, na kwa vile vifungo. Msimu ukiisha, ndipo watakaa chini waone ni mtabiri gani anafaa kusikilizwa, na hata huyo atasikilizwa kwa pesa ya kununulia soda, si zaidi.

Sheria alizitunga yeye, na nilizipenda kwa kuwa zilikuwa chache. Utabiri wa mtu husemwa kabla ya mechi, na unaandikwa nyuma ya mlango kwa chaki ya kukatia nguo. Ukishaandikwa, haufutwi wala haurekebishwi. Mimi ndiye niliyeandika, kwa sababu hati yangu ilisomeka. Mechi moja ni kifungo kimoja. Hata mtabiri akiapa kwa mama yake, kifungo ni kimoja. Hakuna kubeti kwa timu unayoipenda. Na vifungo vyako vikiisha, unakaa pembeni unatazama wenzako mpaka msimu mwingine.

Alihitajika mtu wa kuchukua upande wa pili. Akapatikana fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa mjomba tangu ujana wao, mtu wa maneno machache na yenye miiba. Alikuja na kigoda chake mwenyewe.

"Shemeji," akamwambia shangazi, "nimebeti kwa pesa, nimebeti kwa saa, nimewahi kubeti kwa jogoo. Kwa kifungo sijawahi. Nikishinda navaa wapi?"

"Utavaa kwenye roho, shemeji."

"Roho yangu ina zipu."

Kila mtabiri alitengewa kopo dogo la maziwa ya unga lililooshwa, likatiwa vifungo vya kuanzia, likapangwa kwenye rafu ya nyuzi. Mtabiri akipatia, fundi viatu anatia kifungo kwenye kopo lake. Akikosea, anatoa kimoja. La Uhakika lilikuwa la kwanza, na mjomba ndiye aliyelisimamia. Lilikuwepo la dobi mmoja wa kike aliyeota matokeo, na aliyeota vizuri zaidi akiwa ameshiba. Na mwishoni kabisa likawekwa la mkata nyasi wa uwanjani, kwa utani.

Mkata nyasi alikuwa mteja. Alileta suruali zake kutiwa viraka vya magoti, na kila akija, mjomba anamuuliza juu ya mechi ya Jumamosi. Mtu yule alikuwa akiutazama ukuta, anakuna shingo, anasema, "Sijui."

"Wewe unakaa uwanjani kutwa, utasemaje hujui?"

"Nakata nyasi. Na hii sijui."

Tukamwita Sijui. Alisema neno hilo wiki baada ya wiki bila aibu. Ila mara mojamoja, pengine mwezi mzima ukiwa umepita, anasimama akiwa ameshikilia suruali yake, anasema, "Hii ya Jumamosi, hii najua. Wageni hawatafunga." Anaondoka. Hakutaka apozwe, hakuuliza tena matokeo.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kicheko. Uhakika alitoa utabiri wa kila mechi, na kopo lake likawa linalia kama njuga. Mjomba alilitikisa karibu na sikio la fundi viatu.

"Sikia muziki huo, bwana wa soli."

"Nasikia. Ngoma ikilia sana ujue ngozi imekaribia kupasuka."

Kweli, kadiri msimu ulivyokwenda, kopo lile likaanza kupungua. Uhakika hakuwa mjinga. Timu kubwa ikicheza na timu dhaifu, alipatia, lakini hapo hata mimi ningepatia. Zile ngumu, ambazo ndizo mtu anahitaji mtabiri, alizikosea sawa na mtu anayerusha sarafu. Tofauti ni kwamba sarafu haikupi sababu. La Sijui halikulia kamwe, kwa kuwa lilijaa polepole na kushikana. Siku moja mjomba akalishusha kwenye rafu, akalipima kwa mkono, akashangaa.

"Kopo la mtu asiyesema linajaaje?"

"Asiposema hapotezi," shangazi akajibu bila kuinua kichwa.

Nadhani siku ile mjomba alielewa. Lakini kuelewa kwake kulikuwa kwa kichwa, mikono ilikuwa bado. Wala si mjinga yule, ni mtu aliyependa kupendwa, na Uhakika alimpenda waziwazi, akimwita kaka mbele ya watu.

Msimu ukiwa umefika ukingoni, likaja jambo la makoti. Kiongozi wa bendi ya tarumbeta aliagiza makoti mekundu kwa ajili ya bendi nzima, na akaleta vifungo vyake mwenyewe: vya shaba, vizito, vyenye alama ya tarumbeta, vilivyoagizwa mbali na visivyopatikana dukani kwetu. Shangazi aliviweka kwenye droo ya cherehani, amevifunga ndani ya kitambaa. Malipo ya makoti yale ndiyo yangeirudisha cherehani ya pili. Alishaniambia hivyo, akitazama zile alama sakafuni. "Kabla mvua hazijaanza, mwanangu, hapo patakuwa na mtu anakanyaga."

Wiki hiyohiyo vifungo vya mjomba, vile vya kopo la Uhakika, viliisha. Kwa sheria, alitakiwa akae pembeni atazame. Alikaa siku moja. Siku ya pili Uhakika akamwita pale kibandani, akamnong'oneza mechi. Mjomba akafungua droo, akachukua kile kitambaa chote, akavuka barabara.

Hakuchukua kimoja. Alichukua vyote, kwa mechi moja, kwa dau moja. Fundi viatu alidhani ni vya mabaki kama vingine, ila vya kifahari. Mechi ikachezwa, Uhakika akakosea, na sababu safari hii ilikuwa jua.

Nilikuwepo shangazi alipofungua droo. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akamtazama mjomba, ambaye alikuwa anapiga pasi kola ileile kwa muda mrefu mno.

"Viko wapi?"

Mjomba akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuficha, na alipomaliza akasema, "Navifuata sasa hivi. Yule ni rafiki yangu."

Tulivuka barabara sote watatu. Fundi viatu alikuwa na kiatu magotini na misumari mdomoni. Vifungo vilikuwa mbele yake, vimepangwa kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, vinawaka. Alimsikiliza mjomba mpaka mwisho, akatema misumari kwenye kiganja.

"Kwa hiyo ni vya bendi."

"Vya bendi."

"Pole sana. Lakini nilikuwa nimekaa hapa na kazi yangu, ukaja wewe. Nilikwambia, kifungo ni kimoja. Ukanijibu nini?"

Mjomba akawa anavihesabu vifungo kwa macho.

"Ulinijibu kwamba naogopa. Mwambie mkeo ulivyonijibu. Msimu mzima mnanitikisia makopo sikioni, leo nimeshinda, sheria inageuka?"

"Sheria haigeuki," shangazi akasema.

Fundi viatu akamtazama. Nadhani alitarajia aombwe. Akalainika kidogo, ila si kiasi cha kuvirudisha. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha kazi yake, na hapo watu walishaanza kusimama kusikiliza.

"Nitawapa nafasi, shemeji. Jumamosi wenyeji wanacheza. Vyote hivi kwa dau moja. Nyinyi mtaweka ule mkasi."

Mkasi ule ulikuwa wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto, na shangazi aliachiwa na mama yake. Ulikata koti la sufi kama unakata karatasi. Fundi viatu aliutamani kwa kukatia ngozi tangu siku ya kwanza aliyouona, na hakuwahi kuficha.

Tulipokuwa tunarudi, kwenye mlango wa chumba cha kushonea alikuwa amesimama Sijui, na suruali mkononi. Mjomba akamuuliza kwa mazoea tu, kama mtu anayeuliza hali.

"Jumamosi je?"

Sijui akakuna shingo. Akautazama ukuta. "Hiyo najua," akasema. "Wenyeji watashinda." Akaiweka suruali mezani, akaenda zake.

Mjomba akamgeukia shangazi. Uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Umesikia? Si Uhakika huyo. Ni Sijui. Mtu uliyempima mwenyewe msimu mzima, kopo lake limejaa. Mke wangu, ndicho kitu tulichokuwa tunakitafuta. Tumempata mtabiri wa kweli, na amesema siku tunayomhitaji."

Shangazi akakaa kwenye kiti cha cherehani. Mimi mwenyewe, na hati yangu nzuri nyuma ya mlango, nilikuwa upande wa mjomba. Makoti yalihitajika Jumapili. Kopo lilikuwa pale, limejaa. Sikuona kosa.

"Huyu bwana namwamini," shangazi akasema mwishowe. "Kama ni kifungo kimoja, ningemwekea sasa hivi. Lakini wewe hutaki kubeti. Unataka kurudisha. Mtu anayetaka kurudisha hajui aishie wapi. Leo mkasi. Ukienda mkasi, kesho utasema kichwa cha cherehani."

"Na akipatia?"

"Akipatia ndiyo mbaya zaidi. Utajifunza kwamba ukiharibu, kuna Jumamosi."

Akaushusha mkasi kutoka kwenye msumari ukutani. Mjomba alishtuka, akidhani amebadili nia. Lakini shangazi alivuta bakaa la kitambaa cheusi kinachong'aa, akalitandika mezani, akaanza kukata viduara. Kisha akamwaga kasha la vifungo vya mabaki, vile tulivyovigombania, akachagua vilivyolingana ukubwa, na pale vilipopungua akachukua vya kwenye makopo. La Uhakika lilikuwa tupu, akalimwaga la dobi, na mwisho akalimwaga la Sijui, akalirudisha kwenye rafu likiwa tupu bila kusema neno. Kila kifungo kinavikwa kiduara, kinazungushiwa uzi, kinavutwa, kinafungwa kwa nyuma. Kazi ya kidole na jicho, haina mashine. Akasukuma nusu ya lundo upande wa mjomba.

"Wewe una vidole vyepesi," akasema. "Kaa."

Jumamosi mchana walikuwa bado wanafunika. Redio ilikuwa dirishani, na mtangazaji anapiga kelele kama nyumba inaungua. Fundi viatu alikuwa amefungulia redio yake pia, kwa hiyo sauti ilikuja kutoka pande zote mbili za barabara. Wenyeji walifunga mapema. Mjomba hakuinua kichwa. Wakafunga tena. Sindano yake ikasimama kidogo, ikaendelea. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, mtaa mzima ulishangilia, isipokuwa kile chumba.

"Tungeshinda," mjomba akasema taratibu.

"Najua."

"Vingekuwa hapa sasa hivi. Vyote."

"Najua, mume wangu. Nipe uzi."

Akampa uzi. Na hapo nikaona anafuta macho kwa mkono wenye sindano, kwa uangalifu, asijichome.

Kiongozi wa bendi alipokuja, shangazi alimwambia ukweli wote kabla hajavaa koti. Mzee wa watu aligeuza vile vifungo vyeusi, akavivuta kuona kama vinatoka. Havikutoka. Alikata bei, na alikuwa na haki. Cherehani ya pili haikurudi kabla ya mvua zile. Ilirudi mvua za mwaka uliofuata, na ilirudi kwa kazi ambayo hatukuitegemea: watu waliyaona makoti ya bendi, wakaanza kuleta magauni ya harusi na mablauzi wakitaka vifungo vya kuvikwa. Kazi hiyo ikawa ya mjomba. Aliifanya mpaka vidole vilipoanza kutetemeka, na sikumwona tena pale kibandani.

Fundi viatu alikuja Jumatatu ile na vifungo vya shaba kwenye kopo lake la rangi. Nadhani alikuwa hajalala vizuri.

"Shemeji, chukua. Tumefanya utani umepita kiasi."

"Umeshinda kihalali, shemeji. Kaa navyo."

Alivirudisha mwaka uliofuata, na mwaka mwingine baada ya huo, kila msimu ulipoisha, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, mpaka ikawa ndiyo salamu yao. Shangazi alipofariki, alikuja amevaa koti lake jeusi, na vifungo vile vilikuwa kifuani pote, hata mahali ambapo koti halihitaji kifungo. Hakuna aliyecheka. Mjomba alimkumbatia mlangoni, nikasikia shaba inagongana.

Siku hizi wapwa wangu wanabeti kwa simu, wamejiegemeza ukutani, kidole kimoja tu. Watabiri wao wako humohumo kwenye simu, na wote viatu vyao vinang'aa. Wakiniuliza nani wa kumfuata, nawaambia waandike kwanza alichosema, kabla ya mechi, msimu mzima, na wasiweke hata senti. Wanaondoka wakicheka, na siwalaumu. Hawakuliona kopo lile likijaa.

Mjomba bado yupo, amekaa kwenye kile chumba cha mbele, cherehani zote mbili zimefunikwa kitambaa, mkasi uko kwenye msumari wake. Nikimtembelea Jumamosi namfungulia redio dirishani. Anapenda kusikia mtangazaji anavyopiga kelele. Juzi nilimuuliza, kwa uchokozi tu, nani atashinda. Akautazama ukuta, akakuna shingo kama alivyokuwa akifanya yule mkata nyasi.

"Sijui," akasema, akatabasamu, akanyoosha mkono kunipa sindano nimtungie uzi.